UZI: Un-, In-, Dis- na wenzake. Kuza msamiati wa Kiingereza kwa kusoma sentensi nzima, achana na kumeza orodha

#1 Mleta mada

Wakuu salaam,

Huu uzi ni kwa wale wenye daftari limejaa maneno ya Kiingereza, kushoto neno kulia maana, wanakariri asubuhi na usiku, alafu wakishika gazeti au wakikutana na kifungu cha ufahamu kwenye mtihani wanakwama mstari wa pili tu. Mpo wengi na bidii mnayo, ndo maana nimeamua kuandika kwa urefu, coz bidii haina shida, shida ni njia.

Mimi naona hivi: neno likikaa peke yake kwenye orodha linakupa nusu ya maana, nusu iliyobaki wanayo majirani zake kwenye sentensi. Na hii inagusa mpaka vile viambishi vidogo vya kukanusha, un, in, dis, ambavyo wengi tuliambiwa "maana yake sio" tukaishia hapo hapo.

Shika simu yako. Ukitaka kufuta kitu moja kwa moja, mara nyingi inakuja meseji "This action cannot be undone". Haya, weka pembeni na sentensi hii: "He went home and left the work undone". Neno ni hilo hilo moja, undone. Ila kwenye simu wanakwambia kitendo hiki hakirudishwi nyuma, na kwenye sentensi ya pili kazi haikufanywa kabisa. Sasa wewe ukiingia na kanuni yako ya "un ni sio", ile ya simu utaielewaje? Kitendo hakiwezi kutofanywa? Haileti maana hata kidogo.

Sababu ni kwamba un- ziko mbili, zimevaa sura moja. Ya kwanza inakaa kwenye maneno ya sifa: kind inakuwa unkind, fair inakuwa unfair, clear unclear, known unknown. Hii kweli ni ya kukanusha. Ya pili inakaa kwenye vitenzi: tie inakuwa untie, pack unpack, fold unfold, lock unlock. Hii haikanushi kitu, hii INATENDUA.

Na hapa ndo utamu ulipo, kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili hiki kitu tunacho tangu utotoni. Ile kauli ya kutendua ya darasani mnaikumbuka? Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Fuma, fumua. Lock ni funga, unlock ni fungua. Fold ni kunja, unfold ni kunjua. Hakuna mtu hapa anayedhani kufungua maana yake ni kutofunga, mlango ambao haukufungwa na mlango uliofungwa ukafunguliwa tunajua fika ni habari mbili tofauti. Ndo maana programu nyingi ukiziweka kwa Kiswahili, pale penye undo wameandika Tendua. Waliotafsiri walijua wanachofanya.

Hata mipaka yake inafanana. Kutendua kunahitaji kitendo kinachoacha hali ambayo inaweza kurudishwa. Kamba iliyofungwa inafunguka, ila chakula kilichoshaliwa hakiliuki, ndo maana kwa Kiswahili hatuna kinyume cha "la" wala cha "piga", na Kiingereza nacho hakina uneat wala unhit. Ila pale panaporudishika, un- inaendelea kuzaa maneno mapya mbele ya macho yetu, unfollow, unmute, uninstall, unsubscribe, unsend. Mwaka 2009 kamusi ya New Oxford American Dictionary iliichagua unfriend kuwa neno la mwaka. Zote hizo ni vitenzi, zote ni kutendua. Ukishaijua hii hauhitaji kuzikariri moja moja, utazitambua siku ya kwanza unaziona.

Kwahiyo swali la kwanza ukikutana na un- usiulize "kinyume chake nini". Uliza hii un- imekaa kwenye sifa au kwenye kitendo, alafu sentensi inasemaje.

Naendelea chini, maswali wekeni tu.

#2

Madini haya. Naweka kambi hapa.

#3

Shukran mkuu. Sasa mimi nauliza hizi in, im, il, ir. Kwa nini impossible sio inpossible, kwa nini illegal sio inlegal? Mwalimu alitupa orodha nne tukariri, hakusema kwa nini, na kwenye mtihani najikuta nachanganya kila mara.

#4 Mleta mada

Swali zuri sana, na habari njema ni kwamba orodha sio nne, ni moja. Hizo zote ni in- ya Kilatini, imebadilishwa na ulimi tu.

Tamka "inpossible" haraka haraka mara kadhaa. Utasikia midomo inataka kujifunga kabla ya p, na midomo ikijifunga n inageuka m yenyewe. Ndo hivyo mbele ya p, b na m: impossible, imbalance, immature. Mbele ya l inakuwa il: illegal, illogical, illiterate. Mbele ya r inakuwa ir: irregular, irresponsible. Kwingine karibu kote inabaki in: incorrect, inactive, invisible, insufficient.

Na wewe mkuu unafanya hivyo hivyo kila siku kwa Kiswahili bila kufundishwa na mtu. Ubao mmoja, wengi unasema mbao, husemi nbao. Ubavu, mbavu. Ulimi, ndimi, husemi nlimi. Kamba ni ndefu, sio nrefu. Ile n ya ngeli ikikutana na b inageuka m, ikikutana na l au r inazaa nd. Kiingereza matokeo yake mbele ya l na r ni tofauti na yetu ila sababu ni moja, ulimi unatafuta njia rahisi. Usikariri orodha, tamka neno kwa sauti, sikio litakwambia.

Tahadhari moja, un- haina tabia hii. Un- ni ya asili ya Kiingereza chenyewe, haikuja na Kilatini, kwahiyo haibadiliki hata kidogo: unpopular, unpleasant, unlimited, unlucky, unreliable, unbelievable. Kwahiyo ukiona neno linaanza na p usikimbilie im-, linaweza kuwa unpopular.

#5

Mkuu hapo ndo kwenye tatizo lenyewe. Nitajuaje neno fulani linachukua un- au in-? Mbona tunasema impossible ila unimportant?

#6 Mleta mada

Kanuni moja ya kufunika yote hakuna, mtu akikwambia ipo atakuwa anakupotosha. Ila kuna dalili zinazosaidia sana.

Sifa zinazoishia na -ed au -ing karibu zote zinaenda na un-: unexpected, unfinished, unwanted, uninteresting, unconvincing. Zinazoishia na -ible zinapenda in- na ndugu zake: invisible, incredible, inflexible, illegible, irresistible, impossible. Zinazoishia na -able nyingi zinachukua un-: unavoidable, unthinkable, unacceptable, ila hapo kuna waasi kama incapable na inevitable. Hizo ni dalili tu, zinakupa pa kuanzia.

Kinachochanganya watu zaidi ni hiki: sifa inachukua un- alafu nomino yake inachukua in-. Unable lakini inability. Unjust lakini injustice. Unequal lakini inequality. Unstable lakini instability. Nyingi ya hizo nomino zilikuja kwenye Kiingereza zikiwa zimeshaungwa tayari huko Kilatini na Kifaransa, zikaingia na in- yao mgongoni, wakati kwenye sifa un- ya kienyeji ilishika nafasi. Kwahiyo ziandike kwa jozi na kwa sentensi, mfano "He was unable to pay, and his inability to pay cost him the house". Sentensi moja imebeba maneno mawili pamoja na tofauti yao, na ukikumbuka moja la pili linakuja lenyewe.

#7

Mkuu napingana na wewe kidogo, kwa heshima. Hii habari ya kubashiri maana kutokana na sentensi naisikia sana ila naona inapotosha watu. Mtu anabashiri, anajiridhisha, anaenda na maana ya uongo miaka yote. Kamusi ipo, tena bure kwenye simu, kwa nini mtu asifungue tu? Na kingine, ukiwa na maneno machache hiyo sentensi yenyewe huielewi, sasa utabashiri kutokana na nini?

#8 Mleta mada

Hoja yako ya mwisho ni ya kweli kabisa na naomba kila mtu aisome mara mbili.

Muktadha unasaidia pale tu maneno mengine ya kwenye sentensi unayajua. Watafiti wamelipima hili. Paul Nation, profesa wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington kule New Zealand, mwaka 2006 alichukua kipimo cha kwamba msomaji anahitaji kujua karibu 98% ya maneno ili asome kwa raha bila msaada, yaani neno geni moja tu katika kila 50, akatafuta ni maneno mangapi yanakufikisha hapo. Kwa riwaya na magazeti alipata kama familia za maneno 8,000 hadi 9,000, kwa Kiingereza cha kuzungumza kama 6,000 hadi 7,000. Kwahiyo mtu anayechukua jarida la uchumi wakati kila mstari una maneno matatu asiyoyajua, hapo habashiri, hapo anapapasa gizani. Ashuke achukue maandishi mepesi, kuna vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ngazi kwa ajili ya wanaojifunza, aanzie huko apande.

Ila angalia Nation anahesabu FAMILIA za maneno. Happy, unhappy, happily, unhappiness, hiyo ni familia moja. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Laurie Bauer walipanga viambishi kwa ngazi kuanzia vile rahisi na vya kawaida, na un- na non- zipo ngazi ya tatu tu, in- ipo ya nne. Yani zipo kwenye vile vya mwanzo kabisa vya kujifunza. Na kuna hesabu nyingine ya mwaka 1989 ya White, Sowell na Yanagihara, waliangalia maneno yenye viambishi awali kwenye vitabu vya shule vya Marekani, un- peke yake ilikuwa na 26%, in- na ndugu zake 11%, dis- 7%. Jumlisha mwenyewe, 44%, karibu nusu ya maneno yote yenye viambishi awali yanaangukia kwa hawa watatu. Ukiwaelewa hawa, kila neno la sifa unalolijua tayari linakuletea mwenzake bila gharama.

Sasa kuhusu kamusi, sijasema usifungue. Nasema bashiri KWANZA, alafu fungua. Ukibashiri kwanza unakuwa na swali kichwani, kamusi ikikujibu jibu linakaa. Ukifungua bila kubashiri unasoma maana saba za neno moja, unachukua ya kwanza, mara nyingi siyo yenyewe, na hapo kamusi nayo inakuwa imekupotosha.

Naomba nionyeshe kwa vitendo. Soma hii polepole:

"The report was scathing. It called the project wasteful, badly planned and dishonest from the very first day. The director, who is usually talkative, was reticent when reporters asked him about it and gave only one-word answers."

Tuseme hujui scathing na reticent. Usiruke, rudi kwenye majirani. Baada ya scathing sentensi inayofuata inafungua kila kitu, report imeuita mradi wa hasara, umepangwa vibaya, hauna uaminifu tangu siku ya kwanza. Ripoti inayosema hivyo ni ya namna gani? Ni ya kukosoa vikali, ya kuchana. Umepata scathing.

Twende reticent. Kuna mitego miwili imewekwa pale makusudi. Wa kwanza ni "usually talkative", kwa kawaida ni msemaji. Ukiona usually, mwandishi anakuandalia kwamba leo mambo ni tofauti. Wa pili ni "only one-word answers", majibu ya neno moja moja. Mtu msemaji ambaye leo anajibu neno moja moja, leo hataki kusema, anajizuia. Ndo reticent hiyo. Sasa fungua kamusi uhakikishe, nakuhakikishia hutalisahau kirahisi maana umelitolea jasho.

Na ona kingine kwenye aya hiyo hiyo, dishonest. Umelipita bila kusimama si ndio? Ni kwa sababu honest unalijua. Hiyo ndo kazi ya kiambishi, inapunguza maneno mageni kwenye ukurasa, na mageni yakipungua muktadha unapata nguvu. Hizi njia mbili zinabebana.

#9

Hapo kwenye kubashiri kwanza nimekuelewa mkuu, nimeipokea. Ila bado nasema msisitizo uwe kwenye kuhakikisha, maana watu wa humu tunapenda shotikati.

#10

Mimi nichangie kwenye maneno ya kuangalia kwenye sentensi maana hapa wengi hatuyapi uzito. But, although, however, unlike, whereas, haya ni ya kupinga, ukiyaona jua upande wa pili ni kinyume cha upande wa kwanza. "Unlike his brother, who is generous, Peter is stingy", generous unalijua basi stingy ni bahili. Such as na for example yanaleta mifano, soma mifano upate jina. Because, so, therefore yanaleta sababu na matokeo. "The instructions were so ambiguous that half the class did one thing and the other half did another", maelekezo ya namna gani yanagawa darasa hivyo? Yenye utata. Hata alama za dashi na mkato zinasaidia, mara nyingi maana imewekwa pale pale kati ya mikato miwili na mtu anaipita.

#11 Mleta mada

#10 umenisaidia sana, hiyo ya mikato watu wengi hawaioni kabisa.

Sasa niingie kwenye mitego, maana hapa ndo mitihani inapopenda kukaa.

Kwanza sio kila un, in na dis ni kiambishi cha kukanusha. Uncle, under, hizo un zimezaliwa nazo. Unit, union, uniform, unique, hizo ni uni- ya Kilatini yenye maana ya moja. Important, improve, imagine, iron, district, discuss, hakuna ukanushaji wowote wa kutafuta humo. Jaribio la haraka: ondoa kiambishi, kilichobaki ni neno linalojitegemea na lina uhusiano na lile zima? Portant sio neno, kwahiyo important achana nayo.

Ila kuna yanayofaulu hilo jaribio na bado yanadanganya, na hapa bila sentensi huponi.

INVALUABLE. Ukiondoa in unabaki na valuable, chenye thamani, kwahiyo utasema invaluable ni kisicho na thamani. Soma sentensi: "Her advice was invaluable, without it we would have lost the case". Ushauri usio na thamani unaokoa kesi? Haiwezekani. Maana yake ni chenye thamani isiyopimika. Hapo kinachokanushwa ni kupimika, sio thamani. Priceless nayo ni hivyo hivyo.

INFAMOUS. Sio asiyejulikana. Anajulikana sana, ila kwa ubaya.

INFLAMMABLE. Hii ni ya hatari kweli kweli, sio ya mtihani tu. Inflammable na flammable maana yake ni MOJA, kinachoshika moto kirahisi. Hiyo in- sio ya kukanusha, ni in- nyingine ya Kilatini, ipo kwenye inflame, kuwasha. Kwa sababu watu wanaweza kusoma inflammable wakadhani kitu hakishiki moto, Marekani tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto walisukuma litumike flammable kwenye maandishi ya tahadhari. Kisichoshika moto ni nonflammable. Ukiona inflammable kwenye chupa au tangi, kaa mbali na moto, tafadhali sana.

DISINTERESTED. Hapa un na dis zinagawana kazi. Uninterested ni asiyevutiwa, hana habari na jambo. Disinterested ni asiye na maslahi, asiyeegemea upande. "Both families wanted a disinterested judge". Nani anataka hakimu asiyejali? Wanataka asiye na upande. Sentensi imekusahihisha yenyewe. Ila niseme ukweli, siku hizi wenye lugha wenyewe wengi wanatumia disinterested kwa maana ya kutojali pia, kwahiyo ukilisoma usikurupuke, tazama pande zote za sentensi.

#12

Hiyo ya inflammable itoeni muiweke juu kabisa. Kazini kwetu kuna madumu yameandikwa hivyo na hakuna aliyewahi kutueleza.

#13

Dada yenu hapa. Naomba kuuliza unused, disused na misused. Nimeziona kwenye swali moja zote tatu na kamusi yangu inaeleza kwa Kiingereza kigumu.

#14 Mleta mada

Dada yangu ziweke kwenye sentensi utaona zinavyoachana.

"There are two unused tickets in the drawer", tiketi hazijatumika. "They turned a disused railway into a path", reli ilitumika zamani, sasa imeachwa. "He misused the money", pesa imetumika ila vibaya. Unused inasema haijatumika, disused inasema imeacha kutumika, misused inasema imetumika isivyotakiwa.

Kutokana na hapo unaona mis- sio ya kukanusha kabisa, ni ya kukosea. Misunderstand sio kutoelewa, ni kuelewa vibaya, mtu anaondoka akiwa na uhakika kabisa kwamba kaelewa. Misprint, misjudge, mispronounce, zote hivyo. Tofauti ya unqualified na disqualified nayo inakaa humo humo, wa kwanza hana sifa zinazotakiwa, wa pili anaweza kuwa alikuwa nazo zote ila ameenguliwa. Dis- kwenye kitenzi mara nyingi ina harufu ya kutendua, connect na disconnect, appear na disappear. Hata discover, ukiirudisha ilikotoka ni kuondoa cover, kufunua.

#15

Naongezea la spelingi haraka. Kiambishi hakiongezi wala kupunguza herufi ya neno. Dis + satisfied, s mbili. Dis + appear, s moja. Un + necessary, n mbili. Im + mature, m mbili. Mis + spell, s mbili. Ukigawa neno kwa namna hiyo huwezi kukosa.

#16

Mleta mada vipi kuhusu "not uncommon"? Nimesoma "It is not uncommon for children to wake at night". Nimekaa nayo muda, ni kawaida au sio kawaida?

#17 Mleta mada

Ni kawaida. Uncommon ni isiyo ya kawaida, not inaikanusha, unarudi upande wa kawaida. Ila haijarudi na nguvu zote. Anayesema "it is common" anasema hutokea sana. Anayesema "it is not uncommon" anasema hutokea, usishangae, bila kudai kwamba ni kila mara. Kiswahili tunayo kabisa, ukiulizwa hali ukajibu "si mbaya" hujasema ni nzuri sana, umeacha nafasi pale katikati.

Kwenye mitihani ya ufahamu hizi wanazipenda: not impossible, not unlikely, not without problems. Hesabu vikanushi vyote kwenye sentensi kabla ya kujibu, na usisahau vile vilivyojificha ambavyo havina un wala not: hardly, seldom, fail, deny. "He seldom disagrees" ina vikanushi viwili ndani, kwahiyo mara nyingi anakubali.

#18

Nimejaribu zoezi mwenyewe, nimekusanya za kwenye simu yangu leo. "Unsaved changes will be lost." "Insufficient storage." "Unable to connect." "Unpin this chat." Kwa un- mbili za #1, mimi nasema unsaved ni kukanusha, unable kukanusha, unpin kutendua. Nisahihishe mkuu kama kuna tatizo. Alafu unlockable je? Nimeiona kwenye gemu, "unlockable characters", na nimeona pia mtu ameandika "the bathroom door is unlockable" akilalamika.

#19 Mleta mada

Zote tatu uko sahihi. Unsaved imetoka kwenye kitenzi save ila pale imekaa kama sifa ya changes, mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, kwahiyo ni kukanusha. Hili la kuangalia neno limekaaje kwenye sentensi, sio lilitoka wapi, ndo msingi wenyewe.

Unlockable umeleta mfano mtamu kuliko yote, maana neno moja unaweza kulikata sehemu mbili. Kwenye gemu likate hivi, unlock halafu able, yani wanaoweza kufunguliwa, ukishinda hatua fulani wanafunguka. Kwenye mlango wa bafu likate hivi, un halafu lockable, yani usiofungika, kitasa kibovu. Herufi zile zile, moja inafunguka nyingine haifungiki. Kwenye gemu neno characters na mazingira ya kushinda ndo yanakwambia, kwenye mlango ni yule mtu kulalamika, maana hakuna anayelalamika kwamba mlango unaweza kufunguliwa.

Mwenye sentensi nyingine za namna hii azilete, ila aweke sentensi nzima, neno peke yake sitalijibu.